Viroboto wa Maji na Vibuyu vya Yeyo

Mzee Bura amefariki kabla sijamaliza kumkasirikia. Habari ililetwa na mwanawe kwa simu, asubuhi nikiwa napepeta mchele, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, halikuwa pole. Nilisema, "Suuza tena." Nadhani kijana upande wa pili alijiuliza kama bibi huyu bado anazo zote. Sikumweleza. Mtu ambaye hakuishi nasi mwaka ule kule Karatu hawezi kueleweshwa kwa simu kwamba maneno hayo niliambiwa na baba yake mara nyingi kuliko alivyowahi kunijibu marahaba, na kwamba yalinichubua mikono, yakanitoa machozi, na mwisho wa yote yakawa hayana kazi. Nikafunga mzigo, nikapanda basi, na kuanzia Mto wa Mbu, gari lilipoanza kukwea ukuta wa Bonde la Ufa, mwaka mzima ukaanza kunirudia kwa harufu: udongo mwekundu, vitunguu, na moshi ndani ya maziwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ya foleni, wakati kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi na debe lenye mfuniko halikuazimwa hata kwa ndugu. Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka chuoni na cheti changu, na wakubwa kwa busara zao wakanipangia kazi ya kufuga samaki Karatu. Namwomba msomaji alifikirie hilo taratibu. Karatu ni nchi ya ngano, maharage na ng'ombe. Ukivuka geti la Ngorongoro ukaelekea Endulen, au ukateremka hadi Olbalbal, utakutana na wafugaji ambao kwao samaki ni nyoka aliyekosa pa kwenda. Wakulima wa Kiiraqw walio huku chini ya msitu hawakuwa wakali kiasi hicho, lakini mzee wa Kiiraqw wa siku zile ukimwekea samaki mezani alikutazama kama umemwekea kiatu. Huko ndiko nilikopelekwa niwe bibi samaki. Wanawake wa sokoni walilipenda jina hilo kupita kiasi. "Bibi Samaki, leo umevua wangapi kwenye vumbi?" waliniuliza kila siku ya mnada, na kila siku ya mnada walicheka upya.

Kituo chetu kilikuwa ghala la zamani la mahindi. Ndani kulikuwa na matangi ya saruji, nje mapipa yaliyokatwa katikati. Mkuu wa kituo, na mtumishi pekee mwingine, alikuwa Mzee Bura, mwenyeji wa vijiji vya juu karibu na msitu, mtu mrefu mwenye koti la kaki ambalo sikuwahi kuona limevuliwa. Sikuwa na pa kulala, kwa hiyo alinipa chumba nyumbani kwake pale mjini. Kati ya chumba changu na sebule kulikuwa na ukuta wa mbao zilizokauka zikaachana, kiasi kwamba niliposikia mtu anapuliza moto asubuhi, nilijua hata anapuliza kwa hasira au kwa raha. Mkewe, Mama Paskalina, alikuwa mwanamke wa maneno machache na sufuria kubwa: ugali na maziwa ya mgando mchana, makande jioni, na asubuhi chai nzito yenye maziwa mengi. Maziwa hayo yaliletwa na Yeyo Namunyak, mama wa Kimasai aliyehamia mjini kutoka Endulen na ng'ombe wake wachache. Yalikuja ndani ya vibuyu virefu vilivyovikwa shanga, na yalikuwa na ladha ya moshi. Mwanzoni nilidhani yameungua. Kisha nikayazoea. Baadaye nikawa siwezi kunywa mengine, na hapo, kama ningekuwa na akili, mkasa huu ungekwisha mapema.

Mzee Bura alitaka kambare. Si perege, ambao angalau huzaana wenyewe bila kumsumbua mtu. Kambare, kwa sababu hukua haraka na hula chochote. Lakini kambare bwawani kwetu hakubali kuzaa hivi hivi, lazima umlazimishe. Unatoa tezi ndogo kichwani mwa kambare mmoja, unaisaga, unamchoma jike sindano, unamkamua mayai ndani ya beseni, unayachanganya na mbegu za dume kwa unyoya wa kuku, na baada ya siku moja au mbili unao vitoto wengi wasiohesabika, kila mmoja kama nukta yenye mkia. Balaa huanzia hapo. Kitoto cha kambare akishamaliza chakula alichozaliwa nacho tumboni, hataki pumba wala unga wa dagaa. Anataka kitu kilicho hai, kidogo kuliko kichwa cha pini, kinachorukaruka mbele ya macho yake. Anataka viroboto wa maji. Kwa hiyo bibi samaki, kabla ya kufuga samaki, anafuga viroboto. Viroboto nao wana tumbo: wanakula ukoga, ule wa kijani mwembamba sana unaoyafanya maji yaliyopigwa na jua yaonekane kama supu ya mchicha. Na Karatu, jua ni la kuomba. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa hadi karibu na adhuhuri, na mapipa yetu, tuliyoyatia samadi kwa matumaini makubwa, yakabaki na maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa.

Ni Mzee Bura aliyesema kwamba kama ukoga hauoti kwetu, tuufuate unakoota. Huko chini Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi, kulikuwa na vidimbwi vya kijani kibichi ambako heroe walisimama mchana kutwa vichwa chini, wakila. "Ndege mkubwa vile anaishi kwa ukoga," alisema, "kiroboto atashindwa?" Basi nikapanda lori la vitunguu lililokuwa likirudi tupu, nikachota maji ya kijani kwa ndoo, nikayachuja kwa shuka, nikausuuza ukoga uliobaki kwa maji ya chemchemi ili kuondoa magadi, nikauanika kwenye jua linalochoma kisogo. Jioni ulikuwa umekauka kama magamba. Nikautwanga, nikauchekecha, nikaupandisha Karatu ndani ya foronya. Ule unga ukiuloweka kidogo na kuuchuja, unapata maziwa ya kijani. Tuliwamwagia viroboto, na baada ya siku chache mapipa yalikuwa yanachemka kwa uhai. Vitoto wa kambare walikula mpaka matumbo yakawa mekundu. Nilicheza ngoma peke yangu ndani ya ghala. Nasema hivi ili ieleweke kwamba unga wenyewe haukuwa na tatizo, na kwamba sote wawili tuliliona hilo kwa macho yetu.

Laiti Mzee Bura angetosheka na furaha ya ndani ya ghala. Jumapili ile ile alipanda kijijini kwao, akasimama baada ya ibada mbele ya jamaa na majirani, akawaambia wachimbe mabwawa. Nilikuwepo. Aliwaambia mvua za vuli zitakapoyajaza, yeye Bura ataleta samaki kwa mkono wake. Mtu mmoja aliuliza nani atakula mdudu huyo mwenye sharubu. Mzee Bura alivuta koti lake, akasema, "Kambare ni tamu kuliko kuku." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyelamba vidole jana. Aliyekuwa wa kwanza kuchimba ni jirani yake Lohay, mfupi, mgumu kama kisiki, ambaye alitoa sehemu ya shamba lake la maharage. Wengine wakamfuata, kwa sababu Bura hakuwa mtu wa kuropoka, na kwa sababu alikuwa karibu kustaafu na kurudi kuishi miongoni mwao. Ahadi ni deni, na ya kwake ilikuwa sasa imechimbwa ardhini, mashimo makubwa yenye mdomo wazi ambayo kila mpita njia aliyaona.

Msimu wa baridi ulipoingia, foronya ikatusaliti. Ukungu wa Karatu uliingia ndani ya kitambaa, unga ukashikana, ukaota kuvu jeupe. Tulihitaji vyombo vinavyofungwa vizuri. Makopo hayakuwepo, chupa hazikuwepo, na debe la Mama Paskalina lilikuwa la unga wa ugali na asingelitoa hata kwa askofu. Ndipo Mama Paskalina mwenyewe akasema neno lake la wiki: "Si kuna vibuyu vya Yeyo." Wazo zuri. Kibuyu chenye kifuniko hakiingizi unyevu, na Yeyo Namunyak alikuwa anavitengeneza na kuviuza. Nikashuka Mang'ola tena, nikatengeneza unga mwingine mwingi, nikaujaza ndani ya vibuyu, nikavipanga kwenye shubaka la ghala nikiwa nimejaa majivuno. Tukawalisha viroboto. Kesho yake walikuwa wamelala chini ya mapipa kama vumbi la mkaa. Vitoto wa kambare waliokuwa wakiwasubiri walianza kulana wao kwa wao, na waliobaki wakafa na njaa.

"Ni magadi," akasema Mzee Bura. "Hukusuuza vizuri. Suuza tena." Nikashuka Mang'ola, nikachota, nikachuja, nikasuuza hadi chemchemi ikanichoka, nikaanika, nikatwanga, nikapanda juu ya magunia ya vitunguu na kurudi, nikajaza vibuyu. Viroboto wakafa. "Suuza tena." Nikashuka. Magadi yalinila ngozi ya vidole mpaka nikawa siwezi kushika kalamu. Dereva wa lori la vitunguu alizoea kuniona barabarani na shuka langu, akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Viroboto wakafa. Kisha nikamwambia Mzee Bura labda ni harufu ya vitunguu, akakataa. Nikamwambia labda ni baridi, tukawasha jiko la mkaa ndani ya ghala mpaka sisi wenyewe tukakohoa, na viroboto wakafa wakiwa na joto. "Binti," alisema, akinyoosha kidole chake kirefu kwenye shuka langu lililogeuka kijani, "magadi ni kitu kinachojificha. Suuza tena." Leo nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, bado nikiyakumbuka maneno hayo natamani kurusha kitu.

Asubuhi moja nilimsikia Lohay kupitia mbao. Alikuwa ameteremka mapema, moto haujashika vizuri, na Mama Paskalina alikuwa ananyamaza ule unyamavu wake wa kuwapisha wanaume. "Bura," alisema Lohay, "mke wangu ananiuliza nimemchimbia kaburi la nani shambani." Mzee Bura akamwambia avute subira. "Subira ninayo. Maharage sina. Mvua ya kwanza ikinyesha na hujaleta kitu, narudisha udongo, napanda mahindi. Wenzangu wamesema hivyo hivyo. Sisi hatugombani na wewe, wewe ni ndugu. Lakini ukirudi kukaa kwetu, usisimame tena kutuambia jambo." Kikombe kiliwekwa chini. Nilingoja Mzee Bura ajitetee, awalaumu wakubwa, anilaumu mimi. Hakufanya hivyo. Alisema, "Umesema haki." Kisha nikamsikia anakaa, benchi likalia, na kwa muda mrefu hakuna aliyepuliza moto. Nilikaa kitandani na mikono yangu iliyochubuka, nikiwa nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia Lohay, nimewakasirikia viroboto wote wa dunia, na wakati huo huo nikimwonea huruma nisiyoitaka.

Ndipo nikaamua kwamba kosa ni la uchafu. Chuoni tulifundishwa hivyo: kitu kikifa bila sababu, angalia chombo. Nikaenda kwa Yeyo Namunyak. Alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, shuka begani, kibuyu katikati ya magoti. "Takwenya, Yeyo," nikamwamkia. "Iko," akaitikia, bila kuinua macho. Nikamwambia kwa adabu kadiri nilivyoweza kwamba vibuyu vyake labda si safi sana, na kwamba kazi yangu inataka chombo safi kupita kiasi. Aliinua macho. "Hii kibuyu ni chafu?" "Sijasema chafu, Yeyo." "Umesema." Akakigeuza kibuyu kile mikononi kama anakiomba radhi. "Sawa. Leta vyote. Mimi nitasafisha kama ya mtoto mchanga." Nikamletea vyote. Alivirudisha vikiwa vinang'aa, na kila nilipolalamika tena alivichukua tena, akavirudisha vikiwa vimeng'aa zaidi. Mimi sikuuliza anavisafishaje. Ningeulizaje? Kusafisha ni kusafisha. Naye hakuniambia, kwa kuwa hakuna mtu wa kwao anayehitaji kuambiwa. Kadiri alivyosafisha, ndivyo viroboto walivyokufa haraka.

Katika siku hizo mbaya kulikuwa na faida moja tu, ya mezani. Kila tulipozalisha, dume mmoja ilibidi achinjwe, na mimi sikuwa tayari kumtupa. Nilimkaanga kwenye jiko la ghala, nikampa Mzee Bura kipande cha katikati, kile kinono. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu harufu, akasema atakula nyumbani ili Mama Paskalina naye aonje. Siku nyingine alikuwa na tumbo. Siku nyingine alikuwa amefunga. Alikunja kipande chake ndani ya karatasi, akakitia mfukoni mwa koti la kaki, na kesho yake ukimuuliza alisema, "Tamu. Kuliko kuku." Nilimwona mume mwema, anayekumbuka mkewe. Paka wao alikuwa mnene kuliko paka yeyote wa Karatu, na hilo nalo halikunipa fikra yoyote.

Kisha ikaja ile asubuhi ya chai. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya msitu, na kule kijijini, tulisikia, watu wawili walikuwa wamekwisha kurudisha udongo kwenye mashimo yao. Yeyo Namunyak alileta maziwa ndani ya birika la bati. Mama Paskalina alimuuliza vibuyu viko wapi. "Viko kwa Bibi Samaki," akajibu kwa uchungu. "Vyote. Mimi nabeba maziwa kwenye bati kama mtu wa hoteli." Chai ikapikwa. Mzee Bura akanywa funda moja, akasukuma kikombe. "Maziwa haya yamekufa," akasema. Nami nikaonja. Kweli, yalikuwa maji meupe tu. Kuna kitu kilichopungua, na ulimi wangu ulikitafuta kama unavyotafuta jino lililong'oka. "Moshi," nikasema. Mama Paskalina akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyegundua kwamba usiku kuna giza. "Moshi unatoka kwenye kibuyu," akasema. "Wanachoma kijiti cha mti wa oloirien, wanakiingiza ndani kikiwa moto, wanasugua. Ndiyo usafi wenyewe. Ndiyo maana maziwa hayaharibiki upesi." Niliinuka bila kuomba ruhusa. Ghalani nilifungua kibuyu cha kwanza, nikaingiza pua. Unga wangu wa kijani, uliosuuzwa kwa machozi ya miezi, ulinukia chai ya asubuhi ya kwa Mama Paskalina. Nilikuwa nimeinusa harufu ile kila siku, na kila siku ilinipa raha, kwa sababu ilinukia nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa mdomoni.

Nilitafuta ushahidi kabla ya kusema. Sakafuni, pembeni ya tundu la panya, kulikuwa na konzi ya unga uliobaki kwenye karatasi, haujawahi kuingia kibuyuni. Nikaweka mabeseni mawili yenye viroboto wa mbegu, wale tuliowaweka kando ili wazaane. Moja nikalilisha unga wa karatasi, jingine unga wa kibuyu. Kesho yake nikamwita Mzee Bura. Katika beseni moja walikuwa wanarukaruka, katika jingine walikuwa wamelala. Kile kinachozuia maziwa kuharibika hakikuwa kimepewa maelekezo ya kuwaacha viroboto. Mzee Bura aliinama juu ya mabeseni muda mrefu, koti likaburuzika majini. Nilisubiri neno moja tu. Nilikuwa na haki ya neno moja. Akainuka, akakausha kidevu chake, akasema, "Basi vibuyu ndivyo visuuzwe." Niliviosha kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto. Lakini moshi ule haukuwekwa ili uondoke. Uliwekwa na mtu anayejua kazi yake.

Ilibidi nirudi kwa Yeyo kuomba jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kuombwa: kibuyu kisichofukizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanzo umesema yangu ni chafu," akasema. "Sasa unataka chafu." Nikamweleza habari ya viroboto, nikamweleza habari ya Mzee Bura na mashimo, na kwamba majirani watampa mgongo uzeeni. Kuhusu viroboto alitema mate pembeni. Kuhusu Mzee Bura alifikiri. "Kibuyu bila moto haitoki kwa mkono yangu," akasema. "Mtu akiona, atauliza ni ya nani. Atasema ya Namunyak." Nikaondoka nikiwa nimekata tamaa kabisa, natukana kimya kimya kila mtu mwenye heshima katika wilaya nzima, maana ni heshima iliyokuwa inatuua, ya huyu kwa vibuyu na ya yule kwa ahadi. Kesho yake Yeyo alileta maziwa, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kwa ile fensi yangu ya nyuma kuna mabuyu yameanguka. Mimi sijampa mtu." Akaondoka. Nilikuta mabuyu mapya yamepangwa chini ya fensi kwa safu, yamekatwa shingo, yametolewa mbegu, yamekaushwa vizuri, na kila moja lina kifuniko chake. Hayakuwa na hata shanga moja.

Lililobaki lilikwenda kasi. Nilishuka Mang'ola kwa mara ya mwisho, nikarudi na unga, viroboto wakajaa, jike akachomwa sindano, na vitoto wakala. Mvua ya kwanza ilitukuta tunapanda kijijini na ndoo, matope hadi magotini, Mzee Bura mbele, anaanguka, anainuka, hataki kushikwa mkono. Mashimo mengi yalikuwa yamekwisha fukiwa. Lohay alikuwa amesimama juu ya ukingo wa lake na jembe mkononi, udongo wa kwanza umeshaingia kwenye maji ya mvua yaliyotuama. Alitazama ndani ya ndoo. "Hivi?" akauliza. "Ndiyo hivi," akasema Mzee Bura, akamimina. Lohay akaweka jembe chini. Hapakuwa na makofi. Mwisho wa mwaka ule nilihamishwa, na siku ya kuondoka Mzee Bura alinishukuru kwa kuniambia kwamba shuka langu bado lina rangi, nilisuuze tena.

Na sasa nilikuwa nimekaa uani kwake kijijini, kaburi likiwa bado udongo mbichi. Kuelekea bondeni mabwawa yameshikana bwawa kwa bwawa, yamefunikwa nyavu kwa ajili ya ndege, na wajukuu wa Lohay hupeleka kambare kwenye hoteli za watalii kule mjini. Kila mwenye bwawa alileta samaki msibani, wamekaangwa, wamejaa mabeseni. Niliona wazee wakipokea nyama na kupitisha samaki. Mama Paskalina, amekuwa mdogo kama binti, aliniita ndani, kwenye sebule yenye mbao zile zile za nyumba ya mjini, walizohama nazo. Alinipa chai. Maziwa yalitoka kwenye jagi la plastiki na hayakuwa na moshi. "Mzee aliniambia nikuambie akishakwenda," akasema. "Hakuwahi kuonja." "Kuonja nini, mama?" "Samaki. Hata mmoja. Vile vipande vyako aliniletea mimi, nami nikampa paka. Alilelewa hivyo, na kila alipotaka kujaribu, koo lilikataa kabla hajatia mdomoni." Nilimwona tena amesimama nje ya kanisa na koti lake la kaki. Tamu kuliko kuku. Kijiji kizima kilichimba kwa neno la mtu ambaye hakujua. "Alisema ukijua utakasirika," akasema Mama Paskalina. "Nimekasirika," nikamjibu. "Ndivyo alivyosema."

Nilipotoka, Lohay alikuwa amekaa kwenye benchi nililoliacha uani. Amezeeka sana, fimbo katikati ya miguu, na mapajani alikuwa na sahani yenye kipande kimoja cha kambare, anakitazama. "Bibi Samaki," akasema, "hawa nimewafuga miaka yote, wamenisomeshea watoto. Sijawahi kula. Leo nimesema nitakula kwa ajili ya Bura. Lakini wewe ndiye mwenye kuwazoea. Niambie kwanza. Ni kweli alivyosema?" Nimekula kambare wengi maishani. Ni samaki wa kawaida, ana mafuta, na usipomsuuza vizuri ananuka tope. Kuku ni kuku. Nilitazama upande wa kaburi, nikiwa na hasira zangu zote.

"Kweli," nikamwambia. "Tamu kuliko kuku."

Lohay akamega, akatafuna taratibu, akameza. Kisha akanyoosha mkono kwenye beseni kuchukua kipande kingine. "Bura hakuwa mtu wa kusema uongo," akasema.